Gari la Moshi la Ukutani

Maji ya mji yalikuwa yakija alfajiri, na yalipokuja yalikuja na kelele. Kwanza bomba la jikoni linakohoa hewa, halafu linatulia kidogo, halafu linaanza kugonga ukuta: gadam-gadam, gadam-gadam, mpaka tangi la juu lijae. Nyumba nzima ikisikia. Mimi nilikuwa nikisema kutoka kitandani, macho bado nimefumba, "Hebu kaza hiyo nati, bwana." Na mume wangu alikuwa akijibu kutoka kwenye msala wake wa kuswalia, "Kesho, inshallah." Tangu alipolitia bomba lile mpaka alipokufa nimesema maneno hayo, na hiyo kesho yake sikuiona.

Nyumba yenyewe iko Shella, hapa Malindi. Ni nyumba ya mawe na chokaa aliyoniachia babangu, ina kibaraza mbele na ua nyuma, na kuta nene ambazo zikinyonya maji hazisahau. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu ukuta huo mmoja wa jikoni nusura unitoe nyumbani kwangu.

Mume wangu hakuwa fundi wa bomba. Alikuwa mtu wa reli, na Malindi haina reli wala haijapata kuwa nayo. Alizaliwa hapa hapa mtaani, akaenda Mombasa akiwa kijana, akaandikwa kazi ya kusafisha injini. Baadaye akawa faiamani, yaani yule anayelisha moto na kuchunga maji ya boila, mwisho akawa dereva. Injini za siku zile zilikuwa za mvuke. Wala hazikula makaa kama watu wanavyodhani. Zilikula mafuta mazito meusi, na harufu ya mafuta yale haikumtoka mwilini hata aoge kwa sabuni gani. Mie niliolewa nikijua nina mke mwenza wa chuma. Tena mke mwenza mwenyewe ndiye aliyekuwa na zamu nyingi.

Yeye akikaa Mombasa kwenye nyumba za reli, mimi nikikaa Malindi, maana mamangu alikuwa mgonjwa na binti ni mimi peke yangu. Akija likizo anavuka feri ya Kilifi na kikapu cha maembe, anakaa siku chache, anazungumza habari za injini, anaondoka. Mwanangu wa pekee nilimzaa babake hayuko, nikamtia shule hayuko. Watu wakiniuliza mumeo yuwapi, nasema yuko Voi, yuko Mtito Andei, yuko njiani. Nilizoea. Ukiniuliza kama nilipenda, nitakwambia sikupenda hata siku moja.

Mara moja tu alinipandisha. Nilikuwa bado bibi arusi. Akanitafutia pasi, nikakaa kwenye behewa na kikapu changu, yeye yuko mbele na moto wake. Ule mlima wa kutoka Mombasa kwenda Mazeras injini iliupanda ikihema, moshi unaingia ndani, watu wanafunga madirisha, na mimi nimetoa kichwa nje kama mtoto. Tuliposhuka Mazeras nikamwambia buibui langu limeingia masizi. Akaliangalia juu mpaka chini, akasema, "Jeusi juu ya jeusi, nani ataona?" Nilinuna siku nzima. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, na kucheka peke yako ndani ya nyumba si jambo la kujisifia.

Halafu injini za mvuke zikaondolewa, zikaja za dizeli. Wakamfundisha, akaendesha muda mfupi, akaomba kustaafu. "Lile ni basi," alisema. "Basi tu, limewekwa juu ya reli." Akarudi Malindi mwanzo wa miaka ya themanini na sanduku la spana, kofia yake ya kazi, na mikono isiyojua kukaa bure. Siku za kwanza alikuwa akiamka kabla ya adhana, anavaa, anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu mguuni. Hana pa kwenda. Ananitazama kama mimi ndiye ninayejua zamu yake.

Wakati ule maji yetu yalikuwa ya kisima cha uani, yana munyu, na ya kunywa tukinunua kwa wenye mikokoteni. Siku moja akapima ukuta kwa shibiri, akasema ataingiza maji ya mji mpaka jikoni na bafuni. Nikamwambia basi tutafute fundi. Lo, ikawa kama nimemtukana. "Fundi wa nini? Mtu aliyechunga boila maisha yake yote atashindwa na mfereji wa jikoni?" Akaenda Mombasa kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na mabomba ya chuma mazito juu ya basi. Utingo alimlalamikia njia nzima, naye akafika nyumbani anang'aa uso.

Kila kitu alikifanya kama kwenye injini. Mahali pa koki ndogo alitia vali kubwa yenye gurudumu la kuzungusha, akalipaka rangi nyekundu. Ubavuni mwa tangi la juu alitia kijibomba cha kioo kinachoonyesha maji yamefika wapi, maana kwenye boila ndivyo ilivyo, na faiamani asiyetazama kioo chake anaweza kuua watu. Nikiwa uani naosha sahani ananipigia kelele, "Faiamani, maji!" Natazama juu, najibu, "Nusu kioo, dereva." Watu wazima ovyo kabisa. Lakini nikichelewa kujibu, anarudia mpaka nijibu.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kusikiliza. Hakunifundisha, alikuwa akijisemea mwenyewe tu. "Spana moja ishike, moja igeuze. Ukigeuza bila kushika unavunja mbele." Au, "Katani ifuate meno ya bomba. Ikienda kinyume itatoka yote ukikaza." Anavisha meno ya bomba ile katani, nyuzi za kuzuia maji yasivuje, anaipaka rangi nyekundu nzito, anakaza, anapangusa kidole kwenye shuka langu. Tunagombana. Kesho tena nashika tochi.

Basi mtu wa namna hiyo, mtu asiyeweza kuona kifuniko cha sufuria kinacheza asikigonge kikae sawa, ndiye aliyeliacha bomba la jikoni likigonga ukuta kila alfajiri. Kulikuwa na klipu ya chuma inayolishika bomba hapo, na klipu hiyo ilikuwa imelegea. Hata mimi niliona. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia mbele ya dadake. Kesho, inshallah. Mwisho nikaamini ameshazeeka na hataki kusema kwamba hawezi kuinama.

Alikufa alasiri moja kibarazani, moyo, anamenya chungwa. Nilitoka na chai nikamkuta ameinamisha kichwa, kisu kiko mapajani, chungwa limemenywa nusu.

Nikakaa eda. Kwetu mjane akiwa edani huitwa kizuka. Anakaa ndani miezi minne na siku kumi, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, hatii manukato wala hina wala dhahabu, anavaa nguo zisizo mapambo. Mwanzo nyumba ilijaa wanawake, hata pa kukanyaga huna. Wanapika, wanasoma, wanalia, wananilazimisha uji. Halafu mmoja ana mtoto mgonjwa, mmoja ana arusi Lamu, mmoja mumewe amerudi safari, na siku ikafika nikabaki na mkeka wangu.

Asubuhi ile maji yakaja. Gadam-gadam, gadam-gadam. Maneno yangu yalikuwa mdomoni tayari, nikayameza. Nililala pale nikasikiliza mpaka tangi likajaa na kelele ikakatika. Hapo ndipo nilipolia kilio changu mwenyewe, kile cha matangani kilikuwa cha watu wote. Na tangu siku ile, kelele ambayo niliichukia nikawa naamka mapema kuingojea. Ilikuwa ndiyo mazungumzo yangu. Baada yake siku nzima hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Haikupita muda ukuta wa jikoni ukaanza kulowa. Kwanza doa dogo chini ya kiwiko, pale bomba linapopinda kwenda juu, halafu doa likashuka, chokaa ikavimba, ikaanza kuanguka kwenye sufuria zangu.

Mwanangu alikuwa karani Mombasa, mtu mwema, ila hana mikono ya kazi. Alikuwa akija mwisho wa mwezi, akichelewa kila mara kwa sababu ya feri. Akaingia, akanishika mkono, "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba. Akauona ukuta.

"Mama, chuma hiki kimeoza," akasema. "Ukitoka eda nitaleta fundi aving'oe vyote. Tutatia vya plastiki, tutapaka rangi, tutampangisha mtu. Wewe twende Mombasa ukae na sisi."

"Mimi sijasema nataka kukaa Mombasa."

"Utakaa na nani hapa?"

Jibu nililokuwa nalo halisemeki. Nikwambie mwanangu nakaa na bomba? Angeniletea mtu wa kunisomea. Nikasema tu, "Ukuta ukikauka, una sababu gani ya kung'oa?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka safari. "Ukikauka mpaka siku ya kutoka eda, mama, mimi sina neno tena. Kaa kwako. Lakini utakaukaje, na fundi haruhusiwi kuingia?"

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, na alipoondoka nilikwenda nikalivuta sanduku la spana kutoka uvunguni.

Nisikudanganye kwamba nilikuwa jasiri. Niliogopa vile vyuma. Niliifunga ile vali kubwa kwa mikono miwili, nikafungua mfereji ili maji yaliyobaki yatoke, nikakaa chini mbele ya kiwiko nimevaa nguo zangu za eda, nyeupe, kizuka mzima na spana mkononi. Moja ishike, moja igeuze. Haikugeuka. Nikapandisha mguu ukutani nikavuta kwa uzito wangu wote, na ilipoachia nilianguka kwa mgongo nikabaki natazama dari. Hakukuwa na mtu wa kunicheka. Ningefurahi sana angekuwepo mtu wa kunicheka.

Nikasafisha meno ya bomba kwa brashi ya waya, nikavisha katani, nikapaka rangi nyekundu. Nikakaza. Katani yote ikachomoza nje kama ndevu. Nilikuwa nimeizungusha kinyume, na nilikuwa nimesimama pale na tochi nikisikia kwa masikio yangu jinsi inavyotakiwa. Nikafungua tena. Nikaanza tena. Nilipofungulia maji kukawa na unyevu kidogo, baadaye hata huo ukaisha. Nilikaa nimekiangalia kile kiwiko kikavu mpaka adhana ya magharibi.

Kesho yake wifi yangu akaja kunitazama. Huyu ni dadake marehemu, mkubwa wake, na maisha yetu yote tumeonana kwa jicho la pembeni, kama mawifi wengi. Akaketi, akapokea kahawa, akauona mkono wangu. Vidole vyote vyekundu. Ile rangi haitoki kwa sabuni, na mafuta ya taa sikuwa nayo.

Akaweka kikombe chini. "Wifi," akasema polepole, "kaburi la ndugu yangu halijaota hata nyasi, wewe umetia hina?"

Damu ilinipanda. Siku nyingine ningemrudishia maneno ambayo yangetugawa mpaka kiama. Lakini nilikuwa nimechoka mgongo, na mkono wenyewe kwa kweli ulikuwa unaonekana wa arusi. Nikamsogezea puani. "Nusa," nikamwambia. "Hebu nusa kwanza, halafu ukanitangaze."

Akainama akanusa. Nilidhani atauachia. Akaushika kwa mikono yake miwili, akanusa tena, na uso wake ukabadilika. "Hii ndiyo harufu yake akija likizo," akasema. "Mama alikuwa akimkataza kushika sahani." Akalia, nami nikalia, tumeshikana mikono kama tuliopendana siku zote. Kabla hajaondoka alikagua kiwiko changu, akasema rangi nimepaka nyingi mno. Hakosi neno, yule.

Ukuta ulianza kukauka. Nilikuwa nikiugusa kwa kiganja kila nikipita. Kisha asubuhi moja, bomba lilipomaliza kugonga, nikaona tone limening'inia chini ya kiwiko. Likaanguka. Likaja jingine. Nikakifungua upya, nikakivisha katani upya, zamu hii sawasawa, bila kukosea hata kidogo. Kikakaa siku chache, kikaanza kulia tena. Na kutoka eda kunakaribia, mwanangu ameshasema na fundi.

Nilikaa nikafikiri kama marehemu alivyokuwa akifikiri, kwa sauti. Kiwiko hakina kosa. Katani haina kosa. Ila bomba zima linatikisika kila alfajiri, na kinachotikiswa kila siku lazima kitafunguka. Jawabu lilikuwa lile lile nililolisema kitandani miaka yote. Ikazwe ile nati.

Nikachukua spana, nikaenda kwenye klipu. Iko chini, nyuma ya meza ya jikoni, na nilikuwa sijapata kuiangalia kwa karibu. Nikalala ubavu na tochi mdomoni. Nikaitia spana. Haikwenda mbele, haikwenda nyuma. Nikapangusa chokaa kwa kidole.

Zilikuwa nati mbili.

Niseme hili kwa wasiojua, kama mimi nilivyolisikia nimeshika tochi. Nati moja ikilegea, imelegea tu, inaweza kuwa uzembe. Lakini ukitaka kitu kicheze kidogo, kisikaze wala kisianguke, unatia nati mbili kwenye skrubu moja na kuzikaza zenyewe kwa zenyewe. Zinabanana pale pale ulipoziacha, na hata kikitikisika miaka, haziondoki. Kwenye injini kuna mahali pengi pa namna hiyo. Hakuna mtu anayetia nati mbili kwa kusahau.

Mume wangu alikuwa ameacha nafasi ya bomba kucheza, upana wa kidole cha mwisho, sawasawa kabisa. Na nati zenyewe zilikuwa na grisi, si grisi ya zamani iliyokauka, ni grisi ya mtu anayerudi kutazama. Nikapapasa ukutani nyuma ya bomba, mahali linapogonga. Chini ya chokaa kulikuwa na kitu kigumu. Nikakwangua kwa ncha ya spana. Alikuwa amechimba ukuta wa babangu na kupachika kibamba cha chuma, akakifunika kwa chokaa nisikione, ili bomba likigonga ligonge chuma juu ya chuma.

"Laghai mkubwa wewe," nikasema. Nilisema kwa sauti, nimelala sakafuni. Nilikasirika kweli. Miaka yote ile ananijibu kesho, inshallah, amekaa kwenye msala anasikiliza gari lake likipita jikoni kwangu, na mimi namwonea huruma kwamba mgongo umemshinda.

Halafu hasira ikanitoka ghafla na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilimwona ameketi ukingoni mwa kitanda na viatu mguuni. Nilikuwa nimedhani upweke ulikuwa wangu, mimi niliyengojea miaka Malindi, na kwamba aliporudi ulikwisha. Kumbe ulibadilisha mtu tu. Alikuwa mpweke pembeni yangu, ndani ya chandarua kimoja, na hakuona namna ya kuniambia, maana angeniambia nini? Kwamba amerudi kwangu na bado anaikumbuka injini? Mimi nilivyo na mdomo, ningemjibu nini? Akajitengenezea kidogo cha kumtosha, kila alfajiri, mpaka tangi lijae. Nililia pale chini nikiwa nimelishika bomba.

Lakini ukuta ulikuwa unalowa na mwanangu anakuja. Nikatia spana mbili, moja ishike, moja igeuze. Nikazifungua nati zake zote mbili, nikazikaza mpaka mwisho. Alfajiri ya pili yake maji yakaja. Bomba likakohoa, na baadaye nikasikia maji yanapanda taratibu ndani ya chuma. Hayo tu. Kile nilichokuwa nikikidai kutoka kitandani kwa miaka yote nilikipata, nikaona kinavyofanana.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa kanga mpya, wanawake wakaja na udi. Mwanangu alifika mchana, feri ilimchelewesha. Alikwenda moja kwa moja jikoni kabla hata ya kula. Akaugusa ukuta kwa kiganja, akaugusa tena chini, akageuka.

"Nani amefanya?"

"Mimi."

Akakitazama kiwiko, na rangi yangu nyingi mno. Mwisho akasema, "Basi kaa kwako, mama. Nami sitakutajia tena Mombasa." Na kwa kweli hakunitajia. Kesho yake alipoamka alisema amelala usingizi mzuri ajabu, maana tangu baba aingize maji nyumba hii ilikuwa haina utulivu alfajiri. Nikamwambia ndiyo, sasa imetulia.

Imetulia. Nilikuwa nimeshinda, nina nyumba yangu, ukuta wangu mkavu, na kimya cha kutosha kuwagawia watu wa Marafa na Marereni wote kikabaki. Nilikuwa naamka kabla ya maji na kungojea kitu ambacho najua hakiji. Mchana naongea na sahani. Siku moja nilijikuta nimesimama uani, nimetazama kioo cha tangi, nasema "Nusu kioo, dereva," na hakuna aliyeniuliza.

Nikavumilia, nikavumilia, hata asubuhi moja nikasema basi, imetosha. Nikaenda nyuma ya meza na tochi na spana mbili. Nikazifungua nati zile, nikapima kwa kidole changu cha mwisho. Changu ni chembamba kuliko chake, kwa hivyo nikaongeza kidogo. Nikazikaza moja juu ya nyingine, nikatia grisi. Kiwiko najua kitafunguka. Kikifunguka, nitafunga vali, nitakivisha katani, sawa na meno. Kazi yenyewe si kubwa ukishaijua, na mimi mchana wangu mzima ni bure.

Mwisho wa mwezi mwanangu akaja, akalala chumba cha pili. Alfajiri nilikuwa kwenye msala nimeshamaliza kuswali, nimeketi tu, maji yalipokuja. Bomba likakohoa. Likatulia. Kisha likaanza, gadam-gadam, gadam-gadam, na nikafumba macho.

Nikamsikia mwanangu akigeuka kitandani. "Mama," akaita kwa sauti ya usingizi, "hebu kaza hiyo nati."

"Kesho, inshallah," nikamjibu.